ISTILAHI ZA UKOCHA WA KUJITOLEA: KUTOKA VIWANJA VYA LUSHOTO HADI UWANJA WA BARAFU

1. Utangulizi

Mtu apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto kwa barabara ipitayo Soni hutambua mapema kwamba ardhi tambarare ni mali adimu katika Milima ya Usambara. Penye tambarare kidogo pana shule, au soko, au nyumba ya ibada, au kiwanja cha mpira. Jioni, ukungu uanzapo kushuka, si ajabu kumkuta katika kiwanja cha namna hiyo mtu mzima mwenye filimbi akiwafundisha watoto kupiga pasi, na mtoto mmoja akikimbia bondeni kuufuata mpira uliotoka nje. Mtu huyo mara nyingi hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Huenda akawa mwalimu wa shule ya msingi, mkulima wa kabichi, fundi cherehani, au mchezaji wa zamani aliyechoka miguu lakini hakuchoka moyo.

Watoto humwita "mwalimu". Wazazi humwita "kocha". Barua za ofisi humwita "mfanyakazi wa kujitolea", "mkufunzi" au "mdau wa michezo". Kwa kuwa jina halijatulia, hata haki zake na wajibu wake havijatulia. Katika makala haya tunakusudia kuyajibu maswali matatu yanayomkabili mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali kila anapoandika au kutafsiri mwongozo wa makocha wa kujitolea: mtu huyu aitwe nani? Adaiwe nini? Apewe nini?

Ili kuyapima maneno yetu tumechagua mfano mgumu makusudi, yaani miongozo ya makocha wa kujitolea wa mpira wa magongo unaochezwa na watoto juu ya barafu. Lushoto, iliyo mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, ina baridi ya kutosha mwezi wa Juni na Julai, lakini haina uwanja wa barafu. Hata hivyo tunaona kwamba istilahi ikiweza kubeba dhana ya mchezo wa mbali kiasi hicho bila kuvunjika, itaweza kuibeba ile ya netiboli, riadha na kandanda bila taabu.

2. Mchezo wenyewe na majina yake

Tusidhani kwamba mchezo huu ni wa Ulaya na Amerika tu. Mwaka 2005 uwanja wa barafu ulifunguliwa katika Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, jijini Nairobi. Hapo ndipo timu ya Kenya iitwayo Ice Lions ilipojifunzia. Mwaka 2018 wachezaji wake walisafiri hadi Kanada, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo, lililoundwa mwaka 1908. Kwa hiyo Kiswahili kimekwisha kufika barafuni, na wafasiri hawana budi kukifuata.

Nchini Tanzania mpira wa magongo wa nyasini unajulikana tangu zamani. Timu yetu ya wanaume ilishiriki katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Basi jina "mpira wa magongo" lina haki ya ukongwe, na lingefaa liwe shina la jina jipya. Hapa pana mtego. Tukisema "mpira wa magongo wa barafu", msomaji aweza kuelewa kwamba magongo yenyewe yametengenezwa kwa barafu. Kiambishi cha mahali kinaliondoa tatizo hilo: "mpira wa magongo wa barafuni".

Mwingine atapinga kwamba kitu kinachopigwa katika mchezo huo si mpira, maana hakina umbo la duara kama tufe, bali ni bapa na mviringo kama kifuniko cha kopo. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini halishindi. Katika Kiswahili "mpira" ni jina la umbo na pia ni jina la maada: twasema viatu vya mpira, bomba la mpira, na shamba la mpira. Kitu hicho kimetengenezwa kwa mpira mgumu, chenye kipenyo cha sentimita 7.62, unene wa sentimita 2.54, na uzito wa kati ya gramu 156 na 170. Basi ni mpira kwa maada, ingawa si mpira kwa umbo.

Jina la kitu hicho tunapendekeza liwe "kisahani". Wanariadha watasema kwamba kisahani ni chao, kwa kuwa hurushwa katika mashindano yao tangu zamani. Twajibu kwamba neno moja kutumika katika nyanja mbili si dhambi. Dhambi ni neno moja kubeba dhana mbili katika uwanja mmoja. Lakini orodha ya vifaa katika stoo ya shule huchanganya michezo yote, na hapo tuandike kwa ukamilifu: "kisahani cha magongo" na "kisahani cha riadha".

Neno "gongo" nalo linahitaji uangalifu. Katika wingi halina neno. Katika umoja, hasa Tanzania Bara, wengi husikia jina la pombe ya kienyeji iliyopigwa marufuku. Tangazo la shule lisemalo "kila mtoto aje na gongo lake" litawashtua wazazi kabla halijawachekesha. Tunapendekeza katika umoja iandikwe "gongo la kuchezea" wakati wote, hata kama sentensi itarefuka.

Kuhusu barafu yenyewe, wafasiri wengi huchanganya "barafu", "theluji" na "sakitu". Inafaa kukumbuka kwamba neno barafu lilitoka Uajemi, na huko maana yake ni theluji. Na theluji lilitoka kwa Waarabu, ambao hulitumia kwa vyote viwili. Kiswahili kimeyapokea yote mawili na kuyagawia kazi upya: barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu, theluji ni ile nyepesi ianguka­yo kutoka mawinguni, na sakitu ni ule umande ulioganda juu ya majani. Mgawanyo huu ni mzuri, nao ni wetu. Tuulinde.

Tendo la kwenda juu ya barafu ni "kuteleza". Wapo wanaosita kwa sababu kuteleza ni kukosea au kukaribia kuanguka. Lakini kauli ya kutendea hutupa njia: "viatu vya kutelezea" ni vile vyenye makali chini yake, na "viatu vya magurudumu" ni vile ambavyo mwanafunzi asiye na barafu aweza kujifunzia juu ya sakafu. Anayekosea ameteleza, anayecheza anatelezea.

3. Kocha, mwalimu, mkufunzi, mlezi

Sasa tuje kwa mtu mwenyewe. Maneno manne hushindana.

"Kocha" ni neno la mkopo lililokwisha kuzoea. Lina wingi wake, makocha, na dhana yake, ukocha. Hutaja kazi ya kuwaandaa wachezaji wa mchezo fulani na kuwaongoza katika mashindano. "Mwalimu" ni neno la heshima zaidi. Mchezaji humwita kocha wake "mwalimu" anapozungumza naye ana kwa ana, na haifai kumkataza. Lakini katika maandishi ya shule, ambako walimu wengine wamo, neno hilo huleta utata: mwalimu wa hesabu aweza kuwa kocha, na kocha aweza asiwe mwalimu.

"Mkufunzi" ni yule awafundishaye watakaofundisha wengine, kama ilivyo katika vyuo vya ualimu. Kwa hiyo mtu afundishaye makocha katika Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya ni mkufunzi; yule aliye kiwanjani na watoto ni kocha. Kuwaita wote wakufunzi ni kuikata ngazi katikati.

"Mlezi" ni mtu wa heshima aliyeombwa na klabu aisimamie kwa ushauri, na pengine kwa mfuko wake. Mlezi hafundishi. Lakini kitenzi "kulea" kisiachwe, maana katika michezo ya watoto ndicho kinachomtofautisha kocha mwema na mshindaji. Twaweza kusema: kocha wa watoto hulea kwa njia ya mchezo.

Tunapendekeza basi: "kocha" katika maandishi, "mwalimu" katika mazungumzo, "mkufunzi wa makocha" kwa ngazi ya juu, na "mlezi" libaki kwa klabu.

4. Watoto, chipukizi, vijana

Hapa kosa la mfasiri laweza kuleta madhara makubwa kuliko kuchekesha. Miongozo ya nchi za nje hutumia neno moja kwa wachezaji wote wasio watu wazima, na wafasiri wetu hulitafsiri upesi kuwa "vijana". Lakini kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Kwa Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007, kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35.

Matokeo yake ni nini? Mwongozo uitwao "Kanuni za Makocha wa Vijana" waweza kusomwa na mtu akaona haumhusu, kwa kuwa yeye hufundisha watoto wa miaka 9. Au waweza kusomwa na mwingine akadhani kwamba kanuni za kumlinda mtoto ni ushauri tu, maana kijana wa miaka 30 hahitaji ruhusa ya mzazi ili apande basi la kwenda Korogwe kushindana. Neno moja lililochaguliwa kwa haraka limeubomoa ukuta wa sheria.

Pendekezo letu ni kuandika "watoto" kila dhana ya sheria inapohusika, na "chipukizi" pale mazungumzo yanapohusu kiwango cha mchezaji tu. "Vijana" litumike kwa wale wa umri wa sera.

5. Kujitolea

Kitenzi "kujitolea" ni miongoni mwa vitenzi vizuri vya lugha yetu. Mtu hutoa, kisha hutolea, kisha hujitolea: anachokitoa ni nafsi yake. Lakini neno hili limepita katika mikono mingi. Katika Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, "vijana wa kujitolea" hutofautishwa na "vijana wa mujibu wa sheria". Hapo kujitolea maana yake ni kuingia kwa hiari, wala si kukosa posho. Katika ujenzi wa madarasa vijijini, "kazi ya kujitolea" mara nyingine ilikuwa na orodha ya majina na faini kwa asiyefika. Na siku hizi "mwalimu wa kujitolea" shuleni mara nyingi ni mhitimu anayesubiri ajira, ambaye hupewa kitu kidogo na wazazi.

Basi mtu akiambiwa katika barua kwamba anatakiwa kuwa "kocha wa kujitolea", aweza kuelewa mambo matatu: kwamba ni hiari, kwamba ni bure, au kwamba ni mlango wa ajira. Wengi walioacha kazi hii kwa uchungu hawakuacha kwa sababu ya umaskini wa moyo. Waliacha kwa sababu walielewa la tatu na mwandishi alikusudia la pili.

Dawa si kulitupa neno. Dawa ni kuandika sentensi ya pili. Kila hati imtajayo kocha wa kujitolea itamke wazi: je, hakuna mshahara? Je, kuna posho? Je, nauli na gharama nyingine atarudishiwa? "Ujira" ni malipo ya kazi; "posho" ni fedha ya kujikimu; "marejesho ya gharama" ni kumrudishia mtu kilichotoka mfukoni mwake. Maneno hayo matatu yasibadilishane nafasi.

6. Sifa, masharti, matakwa, mahitaji

Katika miongozo ya Kanada na Marekani, ambako makocha wengi wa watoto barafuni ni wazazi wanaojitolea, kuna sehemu maalumu inayoeleza kile ambacho kocha lazima awe nacho au akifanye kabla ya kuingia uwanjani. Lazima ajiandikishe, mwenendo wake wa nyuma uchunguzwe, ahudhurie mafunzo ya kuwalinda watoto, na asome masomo yanayolingana na umri wa watoto atakaowafundisha. Nchini Marekani kocha aingiapo barafuni wakati wa mazoezi lazima avae helmeti, kama watoto wake.

Mfasiri akikiita kichwa cha sehemu hiyo "Mahitaji ya Kocha", amekigeuza kinyume. Mahitaji ya mtu ni yale anayoyahitaji yeye. Kocha wa Lushoto akisoma "Mahitaji ya Kocha" atatazamia kuona mipira, koni, jezi na filimbi. Badala yake atakuta cheti, uchunguzi na mafunzo. Atajiona amedhihakiwa. Na ofisa atakayepanga bajeti kwa kukisoma kichwa hicho atatenga fedha kwa kitu ambacho mwongozo haukukitaja.

Tunapendekeza mgawanyo ufuatao. "Sifa" ni yale aliyonayo mtu kabla ya kuanza: umri, elimu, leseni, mwenendo. Katika kandanda, kwa mfano, leseni za Shirikisho la Afrika zimepangwa kutoka ngazi ya D, ambayo ni ya mwanzo, kupitia C, B na A. Kuwa na leseni D ni sifa. "Masharti" ni yale anayokubali kuyatimiza awapo kazini: kutokuwa peke yake na mtoto mahali pa siri, kutompiga, kuandika mahudhurio. "Matakwa ya sheria" ni yale ambayo hata klabu haiwezi kuyasamehe. Na "mahitaji" yabaki kuwa haki ya kocha: yale ambayo bila kupewa hawezi kuifanya kazi.

Mfano mmoja waonyesha faida ya mgawanyo huu. Mtoto akigonga kichwa barafuni, au akigongana na mwenzake katika kiwanja cha udongo, ubongo waweza kutikisika ndani ya fuvu bila jeraha la nje. Hali hii tunaiita "mtikisiko wa ubongo". Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kusahau, au kuonekana kama mtu aliyeduwaa. Wala si lazima azimie. Kujua huduma ya kwanza ni sifa. Kumtoa mtoto mchezoni mara moja, na kutomrudisha siku hiyo hata akilia kwamba amepona, ni sharti. Kuwa na njia ya kumfikisha kwa mganga katika hospitali au kituo cha afya ni hitaji. Tukiyaita yote "mahitaji", kocha atajua anachokosa lakini hatajua anachodaiwa, na atakayelipa ni mtoto.

7. Vifaa, nyenzo, rasilimali

Swali la tatu ni lile la misaada. Hapa neno "rasilimali" limeenea mno. Asili yake ni mtaji, kichwa cha mali; lafaa kwa madini, misitu na fedha za taifa. Kumwambia kocha wa kijijini kwamba "rasilimali zake" ni kitabu kimoja na filimbi ni kuvalisha kanzu ya mtu mzima kwa mtoto.

"Vifaa" ni vitu vishikwavyo: magongo, visahani, helmeti, viatu, wavu, mfuko wa huduma ya kwanza. "Miongozo" ni maandishi: kanuni za mchezo, mipango ya mazoezi, fomu za ruhusa ya mzazi. Na neno linalokusanya vyote hivyo, pamoja na semina na ushauri wa kocha mkongwe, liwe "nyenzo". Nyenzo asili yake ni magogo yawekwayo chini ya chombo kizito ili kisukumwe kwa urahisi. Picha hiyo inafaa sana: nyenzo haibebi chombo badala ya watu, bali huwawezesha watu kukisukuma. Ndivyo mwongozo mzuri unavyomfaa kocha.

Tuongeze kwamba mwongozo usiosomeka si nyenzo. Kocha wa Mlalo au Bumbuli aliyepewa kitabu cha lugha asiyoimudu amepewa mzigo. Ndipo kazi ya mfasiri inapokuwa sehemu ya mchezo wenyewe.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Mpira wa magongo wa barafuni: mchezo wa timu mbili, kila moja ikiwa na wachezaji 6 uwanjani kwa kawaida, uchezwao juu ya barafu kwa vipindi 3 vya dakika 20.
Kisahani cha magongo: kipande bapa cha mpira mgumu kipigwacho katika mchezo huo.
Gongo la kuchezea: kifaa cha mchezaji cha kupigia kisahani au mpira.
Viatu vya kutelezea: viatu vyenye makali ya chuma chini ya soli.
Kocha wa kujitolea: mtu afundishaye mchezo kwa hiari bila mshahara.
Mkufunzi wa makocha: mtu afundishaye makocha.
Sifa: yale ayatimizayo mtu kabla ya kukubaliwa.
Masharti: yale anayowajibika kuyafuata akiisha kukubaliwa.
Mahitaji: yale apaswayo kupewa ili aweze kazi.
Nyenzo: jumla ya vifaa, miongozo na mafunzo yamsaidiayo.
Mtikisiko wa ubongo: dhara la ubongo litokanalo na pigo la kichwa au mshtuko wa mwili.

9. Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa na Baraza la Michezo la Taifa yote mawili yaliundwa kwa sheria za mwaka 1967. Ni ndugu wa mwaka mmoja, nasi tunaona kwamba wanayo sababu ya kutembeleana mara kwa mara. Michezo huleta dhana mpya kila msimu, na dhana isiyopewa jina na wenye lugha hupewa jina na haraka.

Mapendekezo haya si hukumu. Walimu walio karibu na viwanja wayajaribu midomoni mwa watoto, maana neno lisilopita mdomoni halidumu kitabuni. Watumishi wa serikali wayajaribu katika barua na matangazo, na wafasiri wayapime kwa miongozo watakayokutana nayo. Palipo na neno bora zaidi tutalipokea kwa furaha. Tunaloomba ni moja tu: atakayemwandikia yule mtu mwenye filimbi, kule juu penye ukungu, aandike kwa namna ambayo akimaliza kusoma atajua anaitwa nani, anadaiwa nini, na anastahili kupewa nini.